Lita Thelathini na Nane

Alisema "jaza". Hakusema nini.
Simu kaibana kati ya sikio na bega,
anamwambia mtu wa Muheza machungwa yapangwe makubwa chini,
madogo juu, hapana, kinyume, vyovyote,
mradi saa nne yawe garini.
Akanirushia ufunguo wa tangi kama amtupiaye kuku punje.

Nilikuwa nimesimama tangu jana magharibi.
Pongwe, saa kumi na mbili na nusu,
vumbi la saruji limeamka kabla ya watu,
na Kilua wa zamu ya asubuhi hajatokea.
Nilikuwa nahesabu: kodi ya chumba Mikanjuni,
madaftari mawili ya Zubeda, unga wa kukopa.
Mkono ukashika bomba lililokuwa karibu.

Hapa nieleze jambo, maana wengi hamlijui.
Bomba la dizeli lina mdomo mnene;
ukilipeleka kwenye tangi la petroli linagoma mlangoni,
linasema hapa si kwetu.
La petroli ni jembamba.
Huingia tangi la dizeli bila hodi,
kama mpangaji mwenye maneno matamu.
Chuma hakikunizuia.
Ile harufu nyepesi, kali, ilinipanda puani
nikadhani ni ya sare yangu.

Lita thelathini na nane.
Nikampa risiti, na chenji kamili,
na safari njema.

Gari likawaka. Ndio ubaya wake.
Lingekataa palepale tungenyonya tangi, tungetukanana,
yangeisha.
Lakini liliwaka, likashika njia ya Muheza
kwa dizeli ya jana iliyobaki mrijani,
na kabla ya Mkanyageni likaanza kugonga,
ko, ko, ko, kama mtoto na sufuria tupu,
kisha likanyamaza kwenye majani, pembeni mwa mkonge.

Fundi Mgaza alinionyesha pampu kiganjani mwake.
"Dizeli hulisha na hupaka," alisema.
"Hii chuma inaoga humohumo inamokula.
Petroli inalisha tu. Imekula mkavu, ikajila yenyewe."
Sikujibu. Kulikuwa na unga wa chuma kwenye kidole chake,
unang'aa vizuri, kama wanja.

Meneja alisema majuto ni mjukuu.
Mimi nina mtoto mmoja, wa darasa la tatu;
mjukuu ameharakisha.
Miezi minne, akasema, nusu mshahara.
Nikatia sahihi kwa kalamu yake.

Pikapu ikakaa gereji, vumbi likaifunika,
na kijana mmoja akaandika kiooni kwa kidole:
WAJA LEO, WAONDOKA LINI?

Siku ya tisa Semkiwa mwenyewe akaja, juu ya bodaboda,
kiroba cha machungwa mapajani.
Nilishatayarisha machozi, na maneno ya kuyasindikiza.
Akapita moja kwa moja hadi kwa meneja, mlango ukabaki wazi.
"Nilisema jaza," nikamsikia.
Kimya.
"Sikusema nini."

Minne ikawa miwili na nusu.
Nusu ya mwezi hukatwaje, sikuuliza.
Machungwa mengi yalikuwa yamelainika upande mmoja;
tulikula ule mwingine.

Yale mafuta yaliyonyonywa yapo nyuma ya ofisi,
madumu mawili ya njano,
si petroli si dizeli, hakuna injini inayoyataka.
Kilua anaoshea mnyororo wa pikipiki yake.

Sasa namuuliza kila mtu.
Hata magari niliyoyajaza miaka sita,
hata la meneja.
Bomba nimelishika juu, silishushi:
petroli au dizeli?
Wengine hucheka. Wengine hupiga honi.
Sema, bwana. Nataka nilisikie likitoka mdomoni mwako.

Jana usiku Zubeda akanisogezea kikombe.
"Mama, nimiminie."
Nini?
"Mama!
Chai. Kwani humu ndani kuna nini kingine?"